Prosesa ya zamani na mfumo wa leo: jibu kwa katibu wa wafuga nyuki wa Sikonge

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki hapa Sikonge, mkoani Tabora. Tumepewa kompyuta tatu zilizokwisha kutumika. Mbili ni za mezani, moja ina nembo ya Pentium III na nyingine Pentium 4. Ya tatu ni mpakato yenye nembo ya Core 2 Duo. Zote zina Windows za zamani. Fundi mmoja anasema tuzitupe kwa sababu mifumo ya sasa ni mizito. Mwingine anasema ataingiza Windows 11 hata kwenye hiyo Pentium III, ila itakwenda polepole. Sisi tunataka kuweka kumbukumbu za asali na nta, kuchapisha stakabadhi na kuwasiliana na wanunuzi kwa barua pepe. Tumsikilize nani?

Jibu: Ndugu Katibu, kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Wote wawili wanazungumzia uzito na kasi, kana kwamba kompyuta ni baiskeli iliyopakiwa magunia na kinachobaki kujulikana ni kama mwendeshaji atafika leo jioni au kesho asubuhi. Kasi ni jambo la pili. Jambo la kwanza, ambalo litaamua hatima ya kila mashine uliyoitaja, ni amri ambazo prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, inazijua.

Programu yoyote, mfumo endeshi (kama Windows) ukiwemo, ni mfululizo wa amri fupi fupi: jumlisha namba hizi, peleka hii kwenye kumbukumbu, linganisha hizi mbili, ruka uende pale. Prosesa hutoka kiwandani ikiwa na orodha yake ya amri, na hakuna fundi anayeweza kuirefusha orodha hiyo, hata akiongeza kumbukumbu ya mashine (RAM) au kubadilisha diski. Kila kizazi kipya cha prosesa za ukoo huu kilirithi amri za waliotangulia kikaongeza za kwake, na ndiyo maana programu iliyoandikwa mwaka 1990 bado inaweza kuendeshwa na prosesa ya juzi. Kinyume chake hakiwezekani. Programu ya juzi ikifika kwenye amri ambayo prosesa ya zamani haina, haipungui mwendo, bali inasimama papo hapo. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwekwa badala ya Windows, utaona mstari mmoja unaosema kwamba amri si halali, kisha programu inafungwa. Na kama aliyekosa amri hiyo ni mfumo wenyewe, mashine haitawaka, au itawaka na kujizima mfululizo.

Nitakupa mfano ambao napenda kila mwenye kompyuta kuukuu aujue. Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel 386, aina iliyotoka mwaka 1985. Hata hivyo, Desemba 2012 watunzaji wa kiini cha Linux waliiondoa 386 katika kazi yao, na toleo la 3.8 lililotoka Februari 2013 halikuitambua tena prosesa ambayo Linux ilizaliwa juu yake. Hawakuiondoa kwa sababu ni ya polepole. Miongoni mwa mambo yaliyowachosha ni kwamba haina amri moja, iitwayo cmpxchg, ambayo ilikuja na 486 mwaka 1989.

Amri hiyo utaielewa vizuri kwa kutazama daftari lenu la mapokezi. Tuseme daftari linaonyesha ndoo 40 za asali, na makarani wawili wamepokea mzigo kwa wakati mmoja, mmoja ndoo 3, mwingine ndoo 5. Wote wawili wanachungulia wanaona 40. Wa kwanza anajumlisha kichwani na kuandika 43. Wa pili, ambaye naye alisoma 40, anafuta na kuandika 45. Ghalani mna ndoo 48, daftarini mna 45, na ndoo 3 za mtu zimepotea bila mwizi. Amri ya cmpxchg inazuia hasara hiyo kwa kusema: andika 43 endapo tu hapa bado pana 40, na kulinganisha huko na kuandika huko kufanyike kwa tendo moja ambalo hakuna anayeweza kuingia katikati yake. Mfumo wa kisasa una mamia ya kazi zinazogombea madaftari ya namna hiyo kila sekunde. Kwa prosesa isiyo na amri hiyo watunzaji walilazimika kuandika njia za kando kila mahali, na njia za kando zilizidi kuvunja nyingine kila walipotaka kuboresha. Mwaka 2025 yakaletwa mapendekezo ya kuiondoa hata 486, safari hii kwa sababu haina kihesabio cha ndani cha mapigo ya saa yake wala amri ya kulinganisha na kubadilisha baiti 8 kwa mkupuo.

Kwa hiyo, kabla ya kutupa au kusakinisha chochote, ziulize mashine zenyewe. Tengenezeni flashi au CD yenye Linux ndogo inayoweza kuendeshwa bila kusakinishwa, muwashe kompyuta kwa hiyo, kisha mwandike neno lscpu kwenye dirisha la maandishi. Kwenye orodha ndefu itakayotokea tafuteni maneno manne: sse2, pae, lm na sse4_2. Hizo sse2 na sse4_2 ni makundi ya amri za ziada, na pae ni uwezo wa kufikia kumbukumbu kubwa zaidi. Hiyo lm ndiyo alama ya biti 64, yaani prosesa inayoshika namba za tarakimu 64 za sifuri na moja kwa mkupuo badala ya 32, kwa amri ambazo AMD ilizileta mwaka 2003 na Intel ikazifuata. Nembo iliyobandikwa kwenye kasha isiwatoshe. Nimefungua makasha mengi hapa mjini Tabora nikakuta ndani prosesa isiyolingana na nembo iliyo nje, kwa kuwa mtu aliwahi kubadilisha ubao mama na kasha likabaki lilelile.

Nianze na hiyo Core 2 Duo, kwa sababu ndiyo mashine yenu ya kazi. Aina hiyo ilianza kutoka mwaka 2006, ina biti 64, na Debian 13, aina mojawapo ya Linux, iliyotolewa Agosti 2025 inaikubali bila kulazimishwa. Si kila Linux ina uungwana huo: Red Hat Enterprise Linux ya 9 tayari inadai amri ambazo Core 2 Duo haina, na ya 10 imepanda ngazi nyingine juu yake. Windows 11 nayo ina historia inayofanana. Matoleo yake ya mwanzo yaliweza kuingizwa kwenye mashine hizi kwa kuruka ukaguzi wa usakinishaji, na huenda fundi wako wa pili aliwahi kufanya hivyo akafanikiwa. Lakini tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows yenyewe inatumia amri za sse4_2 na popcnt, ambazo Core 2 Duo haizijui, na hapo hakuna ukaguzi wa kuruka kwa sababu tatizo limo ndani ya programu yenyewe. Windows 10 ingeweza kuwaka, ila usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Wekeni basi Debian yenye mazingira mepesi kama Xfce, muipe mashine kumbukumbu ya gigabaiti 4 kama ubao wake unakubali, na muibadilishie diski ya kuzunguka kwa diski ya kielektroniki (SSD). Kati ya pesa zote mnazoweza kutumia kwa kompyuta hizi, nawasihi hiyo ya diski ndiyo itangulie. Mkishaifanya mtashangaa, kwa kuwa muda mwingi uliokuwa ukilaumiwa kwa prosesa ulikuwa unapotea diskini. Hapo lahajedwali, barua na barua pepe vitakwenda vizuri. Kinachobaki kizito ni kivinjari, kwa sababu kurasa za leo zinabeba programu kubwa kuliko zilivyokuwa programu za ofisi za wakati mashine hiyo inatengenezwa. Mzoee kufungua kurasa mbili tatu kwa wakati mmoja. Na kwa wasomaji wengine wenye mpakato za mwaka 2006, mtazame nembo vizuri: Core Duo isiyo na tarakimu 2 ni ya biti 32, nayo haiingii katika maelezo haya.

Pentium 4 ndiyo itakayowapa kazi ya kufikiri. Ilianza mwaka 2000 na zote zina sse2, lakini lm ilianza kuonekana kwenye baadhi tu ya zile zilizotengenezwa miaka ya mwisho. Yenu ikiwa na lm, inaweza kupokea Debian 13 kama mpakato, ingawa kwa mwendo wa taratibu. Isipokuwa nayo, mmebaki kwenye biti 32, na ulimwengu wa biti 32 unafungwa mlango baada ya mlango. Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ya mwisho kutoka na kisakinishi cha biti 32. Firefox kwa Linux ya biti 32 iliishia kwenye toleo la 144 la Oktoba 2025, na baada yake limebaki lile toleo la muda mrefu, 140, ambalo watengenezaji waliahidi kulitunza hadi Septemba 2026. Kwa mashine kama hiyo mimi huweka antiX 23, Linux nyepesi iliyojengwa juu ya Debian 12 na yenye toleo la biti 32, ambayo inaridhika na kumbukumbu ndogo kuliko mfumo mwingine wowote kamili niliowahi kuuweka kwa mteja.

Lakini sisemi kwamba kila Pentium 4 ifufuliwe. Nyingi za mwaka 2004 na kuendelea zilikadiriwa kula wati 84 hadi 115 kwa prosesa peke yake, kabla hujahesabu skrini, diski na feni. Kama ofisi yenu inategemea sola na betri, mpakato utafanya kazi saa nyingi kwa umeme ambao Pentium 4 itaumaliza upesi, na hapo ningeiacha iwe ya akiba. Fungueni pia kasha lake muutazame ubao mama karibu na prosesa. Mtaona vikopo vidogo vilivyosimama, kila kimoja kikiwa na mkato juu ya kifuniko. Kifuniko kikiwa bapa, kizima; kikiwa kimetuna kama kifuniko cha kopo la nyanya lililoharibika, au kuna ukoko wa rangi ya kahawia umetoka chini yake, hizo ni kapasita zilizokufa, ugonjwa uliozipata bao nyingi za miaka hiyo. Mashine ya namna hiyo itajizima katikati ya kazi hata mkiiwekea mfumo gani, na watu wataulaumu mfumo.

Kabla ya kuendelea niseme neno kuhusu mpakato za mwaka 2003 na 2004 zenye Pentium M, kwa kuwa bado ziko nyingi mikononi mwa watu. Baadhi yake zinaijua pae lakini hazikuandikiwa kuitangaza, hivyo mfumo ukiuliza, prosesa inanyamaza, na mfumo unakataa kuwaka. Ukiongeza neno forcepae kwenye mstari wa kuwashia Linux, mfumo unaacha kuuliza na kuitumia, na kila kitu kinakwenda. Mashine nzima inaokolewa na neno moja, na nasikitika nikifikiria ni ngapi zilitupwa kwa kutolijua.

Tuje kwenye Pentium III, ambayo fundi wako wa pili ameiahidi Windows 11. Haiwezekani. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, na Pentium III, iliyoanza mwaka 1999, ni ya biti 32 tupu. Haina hata sse2. Kwa kukosa sse2 peke yake inakosa Windows 8 na zilizofuata, na inakosa Firefox ya Linux tangu toleo la 53 la mwaka 2017. Mtaweza kuiwekea Linux, na itawaka, lakini kivinjari cha leo hakitafunguka.

Nadhani fundi huyo amesikia habari ambayo ni ya kweli, akaielewa nusu. Mwaka 2012 mtaalamu wa kompyuta Dmitry Grinberg aliendesha Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kwenye kidhibiti kidogo cha biti 8, na mwaka 2024 akaendesha Debian kwenye Intel 4004, prosesa ya mwaka 1971 ya biti 4 na transista 2,300 ambayo ilibuniwa kwa ajili ya mashine za kufanyia hesabu. Hakuziongezea prosesa hizo amri. Aliandika programu inayoigiza prosesa nyingine kubwa zaidi: kila amri ya Linux inasomwa, inachambuliwa, kisha inatekelezwa kwa msururu wa amri ndogo ambazo 4004 inazijua. Ni kama kumpa hesabu za kitabu kizima mtu anayejua kujumlisha tarakimu moja moja tu, akazimaliza zote kwa uvumilivu. Kazi ile naiheshimu sana, kwa sababu inathibitisha kwamba mashine yoyote inayoweza kuhesabu na kukumbuka inaweza kuiga nyingine yoyote, ikipewa muda na mahali pa kuandikia. Lakini muda wenyewe ni huu: Debian kwenye 4004 ilichukua siku 4.76 kuwaka hadi kufikia mahali pa kuandika amri ya kwanza. Mnunuzi wenu wa asali hatasubiri stakabadhi kwa siku nne na saa kumi na nane.

Pentium III mnaweza kuipa kazi iliyo saizi yake, bila intaneti. Kama mna printa ile ya utepe inayopiga kelele na kuchapa nakala tatu kwa kaboni, yumkini mashine hiyo ina tundu pana la nyuma linaloingia waya wake moja kwa moja, tundu ambalo mpakato mpya hazina. FreeDOS, yaani mfumo endeshi wa kuandika amri bila madirisha, ambayo toleo lake la 1.4 lilitoka Aprili 2025, itawaka hapo kwa sekunde chache na kuchapa stakabadhi mchana kutwa. Mkitaka dirisha na kipanya, Tiny Core, Linux nyingine ndogo, inaanza kufanya kazi kwa kumbukumbu ya megabaiti 46. Isakinisheni kwa CD, kwa sababu kompyuta nyingi za umri huo hazikubali kuwashwa kwa flashi, na mkiwa mnanakili mafaili kwa flashi mvumilie: matundu yake ya mwaka 1999 hupitisha takribani megabaiti moja kwa sekunde. Ninawaomba msiiunganishe na mtandao. Mashine isiyoweza kupokea kivinjari kinachotunzwa haifai kushika nenosiri la barua pepe ya kikundi.

Kuna kosa moja linalofanana sana na ubovu wa mfumo, nami nililishughulikia majuzi kwa mteja aliyeleta kompyuta kutoka Urambo. Mfumo wake ulikuwa mpya, modemu nzima, lakini kila tovuti aliyoifungua ilimwambia kwamba muunganisho si salama. Alikuwa amekwisha kubadilisha vivinjari vitatu. Nilitazama pembeni ya skrini nikaona tarehe: 1 Januari 2002. Betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, ile iliyoandikwa CR2032, ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika kompyuta ilirudi mwaka huo. Kila tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kwa kompyuta iliyoamini kwamba ni mwaka 2002, vyeti vyote vya leo vilikuwa havijaanza kutumika. Tulibadilisha betri, tukarekebisha saa, tovuti zikafunguka zote. Badilisheni betri hizo kwenye mashine zote mbili za mezani siku mtakapozifungua, na siku hiyohiyo mpulize vumbi kwenye chuma cha kupoozea, mfute ile dawa iliyokauka kati yake na prosesa, na mpake mpya. Kwa vumbi letu la kiangazi, nimeona prosesa nzuri zikijipunguza mwendo kwa joto tu.

Suala la tarehe lina upande mwingine unaozihusu mashine za biti 32 hasa. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na programu nyingi za biti 32 huziweka sekunde hizo kwenye nafasi inayojaa ikifika 2,147,483,647. Kwa saa zetu hiyo itakuwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Debian ilipobadilisha nafasi hiyo kuwa kubwa zaidi, iliiacha makusudi ile ya biti 32 ya prosesa za Intel ili programu za zamani zisivunjike. Kwa hiyo msiandike kwenye Pentium III mkataba au mkopo wenye tarehe zinazovuka hapo. Hizo ziwekeni kwenye mpakato.

La kutangulia yote haya ni mafaili yaliyomo. Hizo Windows za zamani huenda zina kumbukumbu za watu waliowapa kompyuta, na pengine hata za kwenu, iwapo kuna aliyeanza kuandika. Kabla hamjasakinisha, nakilini kila kitu kwenye diski ya nje. Diski ya Pentium III ikigoma kuwaka, iacheni hivyo, msiijaribu mara ya kumi. Ing'oeni, muiletee fundi mwenye kiunganishi cha waya mpana wa bapa, aisome ikiwa imetulia mezani kama diski ya pembeni. Diski ya umri huo inaweza kuwa imebakiwa na kuzunguka mara chache tu, na ni vyema hizo chache zitumike kunakili.